Mdomo Uliopima Manyoya

Ijumaa moja jioni mwanangu alirudi kutoka kazini na kisanduku cha plastiki, akakiweka mezani palepale nilipokuwa nikikata sukuma wiki. Tunaishi Gatongora, hapa Ruiru, ghorofa ya tatu, na jikoni kwetu ukiweka kitu juu ya meza hakuna tena pa kukatia mboga. Nikamwambia atoe takataka zake. Akacheka, akafungua kifuniko.

"Mathe, hebu cheki kwanza," akasema. "Kesho naenda na majamaa wa kazi kuvua trauti huko juu mlimani. Nimeambiwa nibebe hizi, lakini sijui ya kutumia ni gani."

Ndani kulikuwa na nzi kama ishirini. Si nzi wa chooni, la. Hawa ni nzi wa kuvulia, yaani ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu. Na trauti, kama hujawahi kumwona, ni samaki wa maji baridi ya mlimani, ana madoa ubavuni, na anachagua chakula kuliko mgonjwa. Ukimtupia mdudu ambaye si wa siku hiyo, anamwangalia tu akipita.

Ilikuwa zaidi ya miaka thelathini tangu niguse nzi wa kuvulia. Nikangoja nihisi kitu, sikuhisi. Siku hizi niko hivyo, rafiki yangu, mambo yananipitia nayaona tu. Lakini mkono wangu haukungoja ruhusa. Ulimchukua mmoja, mwekundu wa kahawia, ukampeleka kwenye mdomo wa juu, ukampitisha kushoto, ukampitisha kulia. Vinywele vya manyoya vikanichoma kidogokidogo.

"Haki, si hiyo ni uchafu?" mwanangu akauliza.

Nikamwambia huyo amefungwa kwa manyoya ya shingo ya jogoo, na kwa hiyo ataelea. Kisha nikajisikia nikimuuliza maswali ambayo sikujua kama bado ninayo. Mnaenda mtoni au ziwani? Mvua imenyesha huko juu wiki hii? Mtafika saa ngapi? Maskini, hakujua hata moja, ilibidi awapigie simu wenzake. Walisema ni mtoni, mvua ilinyesha juzi, watafika saa moja asubuhi. Basi nikamchagulia. Nikamwambia saa moja asubuhi kule ni baridi, wadudu hawajaanza kuruka, kwa hiyo aanze na nzi wa kuzama, waliofungwa kwa manyoya laini ya kuku jike. Kama maji bado yana rangi ya chai, achukue mkubwa na mweusi, maana samaki haoni mbali. Jua likishapiga maji, mnamo saa nne, akiona viduara vinatokea juu ya maji, hapo ndipo amtoe yule wa jogoo. Na akipata samaki wa kwanza ampasue tumbo aone alikuwa amekula nini, abishane na tumbo badala ya kubishana na wenzake.

Alikuwa ananitazama kama mtu aliyegundua kwamba mama yake aliwahi kuwa polisi. Nami nilikuwa nimefika kwa nzi wa mwisho mle kisandukuni. Kichwani pake, pale uzi unapomalizikia, palikuwa na mizunguko miwili ya uzi mwekundu. Wafungaji wote niliowahi kuwajua walimalizia kwa mweusi, isipokuwa mmoja.

Nikamuuliza amewatoa wapi. Akasema kuna cucu mmoja, yaani bibi kizee, huko Theta, ndani ndani, jamaa mmoja wa kazini kwao ndiye hununua kwake. Sukuma wiki iliungua siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Nikurudishe Thika basi, kwa sababu bila Thika hutanielewa. Tulikaa kwenye vyumba vya kupanga, mstari mmoja wa mabati na mbao, si mbali na mto Chania. Msimu wa mvua ungeusikia mto ukiwa kitandani. Upepo ukigeuka ulileta harufu ya mananasi yanayochemshwa kiwandani, tamu mpaka inakinaisha, na sisi watoto tulikuwa tukisimama nje midomo wazi kana kwamba tutashiba. Asubuhi ilikuwa uji wa wimbi, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, na Jumapili chapati kama mambo yalikuwa mazuri. Mama alikuwa na sisi wanne na hakuwa na mume. Sitasema mengi kuhusu baba. Aliondoka, akaondoka kabisa.

Mama alifanya kazi kwa Singasinga mmoja mzee aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya duka la vyuma. Wanawake sita walikaa kwenye benchi refu karibu na dirisha, kila mmoja na vaisi yake ndogo ya kushikia ndoana, wakifunga nzi. Yule mzee alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Kila Jumapili alipanda pikapu yake akaenda juu kule msituni ambako Chania bado ni mto mdogo wa kuruka, maji yake yanauma meno. Alikuwa mpole, ana kilemba cha samawati na masharubu yaliyofunika mdomo wote, na alikuwa na msemo wake: usimuulize mvuvi, uliza jiwe. Maana yake ukifika mtoni usifungue kisanduku kwanza. Inua jiwe kutoka majini, ligeuze, uone ni wadudu gani wameshikilia chini yake, ndipo uchague nzi wa kufanana nao.

Mama hakuwahi kushika ufito wa kuvulia maishani mwake, lakini hayo yote aliyashika kichwani. Wavuvi walikuja kwenye dirisha la karakana kama watu wanaokuja kuchukua dawa. Mama aliwauliza mto au ziwa, mvua au kiangazi, asubuhi au mchana. Anayekwenda kwenye maziwa ya juu alimpa nzi mrefu wa kijani, akamwambia amkokote polepole kando ya majani. Anayekwenda mtoni wakati wa kiangazi, maji yakiwa maangavu, alimpa mdogo kabisa, kama mbu, akamwonya asisimame mahali kivuli chake kitaangukia majini. Walirudi wiki iliyofuata wakimshukuru. Nilijivunia sana mama yangu. Hilo bado nalikumbuka vizuri.

Jirani yetu alifanya kazi kwenye benchi hilohilo. Chumba chake na chetu vilitenganishwa na mbao tu, na yeye na mama waliongea kupitia mbao hizo tangu jiko linapowashwa mpaka linapozimwa. Chumvi ilikuwa moja, na kiberiti pia. Alikuwa na mume mwenye kibarua kiwandani na kishamba kidogo Theta, na watoto wake walikuwa wakubwa. Mama alichagua manyoya, jirani alifunga. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wote, na uzi mwekundu ulikuwa madoido yake. Mzee wa karakana alimwachia tu, alisema samaki hawajalalamika.

Kazi yangu ilikuwa manyoya. Yalikuja yakiwa bado kwenye ngozi za shingo za kuku wa kienyeji. Tuliyaosha kwa sabuni, tukayachemsha na rangi kwenye sufuria moja, tukayaanika juu ya mabati na kuyawekea mawe yasipeperuke, na mimi nikakaa hapo na fimbo nikifukuza paka. Sasa sikia shida yenyewe. Yakishapakwa rangi na kukauka, ya jogoo na ya kuku jike huwezi kuyatofautisha kwa macho. Lakini mtoni tofauti yake ni kubwa. Unyoya wa jogoo ni mkakamavu, unasimama juu ya maji, nzi anaelea. Wa kuku jike ni laini, unakunywa maji, nzi anazama. Kwa hiyo kila unyoya hupimwa kwa mdomo wa juu. Ukichoma ni jogoo, ukibembeleza ni kuku jike.

Mdomo wa mama ulikuwa umeshakuwa mgumu kwa miaka ya kukata uzi kwa meno na kushikilia ndoana. Wa mzee haukuonekana kwa masharubu. Basi mimi, nikiwa na miaka kumi, ndiye niliyekuwa mdomo wa karakana nzima. Likizo zote nilikaa mlangoni na mifuko miwili ya karatasi, jogoo kushoto, kuku jike kulia, nikipitisha unyoya mmoja mmoja. Sikukosea hata siku moja. Jirani alikuwa akinitania kwamba siku nikiolewa mdomo wangu utalipiwa mahari yake kando. Mama alicheka hadi akakohoa.

Mwaka huo, likizo ya Agosti, mzee alikuja na habari. Kambi moja ya wavuvi huko juu msituni ilitaka nzi wa kuelea, wengi, na kama wangewapenda wangeendelea kuchukua kwake. Aliwaambia wanawake wazi kwamba kazi imepungua, na kambi ikikataa hataweza kuwaweka wote sita. Mama aliniambia hivyo akisonga ugali, bila kunitazama. Kisha akaniambia habari yangu. Mzee atakwenda Jumapili kujaribu nzi mbele ya wenye kambi, na amekubali mama na jirani waende, na mimi pia, nimwone trauti aliye hai. Ila manyoya yote yawe yamepimwa kufikia Alhamisi alasiri, jirani apate siku mbili za kufunga.

Hiyo Alhamisi asubuhi jino liliniamsha nikilia. Mama akanipeleka zahanati kabla ya kwenda kazini. Lilikuwa jino la juu, upande wa mbele. Nikadungwa sindano ya ganzi, likang'olewa, nikapewa pamba ya kuuma. Mama akaniacha nyumbani na mfuko wa manyoya, akaniuliza kama nitaweza. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ningesema hapana, mfuko ungepelekwa kwa mtoto mwingine na Jumapili ingekwenda na huyo mtoto. Halafu, nikuambie ukweli, sikutaka kusikia kwamba kuna mdomo mwingine.

Nikakaa mlangoni. Nikapitisha unyoya wa kwanza, sikuhisi kitu. Nikaupitisha tena. Mdomo wangu ulikuwa kama wa mtu mwingine, mnene, umebandikwa tu hapo. Nikajaribu shavu, nikajaribu kiganja, bado. Nikangoja kidogo, nikaona jua linapanda. Basi nikaanza kupima hivyohivyo, kwa mdomo uliokufa, nikiangalia unyoya na kukisia. Huu unaonekana mkakamavu, kushoto. Huu sijui, kushoto pia, kwa maana kilichotakiwa kilikuwa jogoo. Kufikia alasiri nilikuwa nimemaliza. Nikajitilia uji uliopoa. Jirani alinikuta nikiunywa alipokuja kuchukua mfuko. Akanisifu kwa kumaliza, akanipangusa kidevu kwa kona ya leso yake, akaenda.

Jumapili tuliondoka asubuhi na mapema. Sitasahau baridi ile. Tulipita mashamba ya kahawa, kisha ya chai, kisha msitu ukaanza, na ukungu ukaingia mpaka ndani ya pikapu. Mama na jirani walikuwa wamejifunika blanketi moja na mimi katikati, wanakula nduma, magimbi yaliyobaki jana, na kucheka upuuzi. Mto pale juu ulikuwa mwembamba, unaona kila jiwe chini. Mzee akavua viatu, akainua jiwe, akaligeuza, akanionyesha vidudu vya kahawia vinavyotambaa. "Unaona? Mto umesema kahawia," akaniambia. Kisha akanionyesha samaki. Alikuwa amesimama majini bila kusogea, mkia tu ukicheza, madoa yake yanaonekana kabisa. Nilisahau kuvuta pumzi. Hata leo nikisema nimewahi kuona kitu kizuri, ni yule samaki.

Wenye kambi walikuwa watatu, wamesimama na vikombe vya chai. Jua lilikuwa limeshapiga maji, viduara vinatokea hapa na pale, saa yenyewe ya nzi wa kuelea. Mzee akamrusha wa kwanza. Nzi akatua vizuri, akakaa kidogo, akazama. Akambadilisha. Wa pili naye akazama. Wa tatu. Yule samaki aliondoka zake chini ya mwamba. Wenye kambi wakaangaliana, mmoja akamwaga chai yake majanini, wakasema kitu cha heshima, wakarudi kambini. Mimi nilikuwa nimejua tangu yule wa kwanza.

Mzee hakupiga kelele. Aliketi juu ya gogo akawauliza mama na jirani swali moja, ni manyoya au ni mkono. Kwa sababu nzi huzama kwa mambo mawili tu, ama manyoya ni ya kuku jike, ama mfungaji ana mkono mzito, amerundika uzi mpaka ndoana ikashindwa kubebwa. Mama akajibu haraka kwamba manyoya yalipimwa nyumbani kwake na mdomo wa mtoto wake haujawahi kukosea. Jirani alisema amefunga kama anavyofunga siku zote. Mzee akafungua kisanduku, akamtoa nzi mmoja mkavu, akanipa.

"Pima," akasema.

Ganzi ilikuwa imeisha tangu Alhamisi usiku. Nikampitisha nzi mdomoni. Alikuwa laini. Alikuwa laini kabisa kama nyusi za mtoto. Nikainua macho, mama ananiangalia, na usoni mwake niliona ugali na karo na kodi na sisi wote wanne. Jirani naye ananiangalia.

"Jogoo," nikasema.

 Mto ulikuwa unaendelea na kelele zake. Mzee akamgeukia jirani, akamuuliza kama ana la kusema. Jirani akanitazama tena, si kwa hasira, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akasema labda ni mkono wake, siku hizi macho yanamsumbua. Kurudi nyumbani blanketi lilifunika mama na mimi tu. Yeye alikaa upande wa pili, uso nje.

Jumatatu jirani hakwenda tena kazini. Mama alibaki na kazi yake. Kupitia zile mbao hatukusikia tena neno, tulisikia kijiko kikigonga sufuria, kikohozi, basi. Mama alinunua kiberiti chake. Kabla ya mwezi kwisha mkokoteni ulikuja ukabeba kitanda cha jirani na jiko lake, wakahamia Theta. Mama alisimama ndani akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mimi nilikuwa mlangoni. Jirani alinipungia mkono, nami sikumpungia.

Ungedhani nililia. Sikulia. Nilikuwa nangoja ile hali ya mdomoni iishe, maana kule zahanati waliniambia baada ya saa chache nitakuwa sawa. Mdomo ulikuwa sawa. Mimi ndiye sikuwa. Nilikataa kupima manyoya tena, nikasingizia pengo la jino, na mama akaona ni ukaidi wa kukua. Karakana iliendelea miaka michache, mzee akazeeka, ikafungwa. Mama aliuza mboga, akatusomesha, akatuzeekea. Alifariki miaka saba iliyopita. Kwenye mazishi jirani alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na ua, na mimi nikapita upande mwingine nikijifanya natafuta viti.

Nilipita kule kwetu Thika mwaka jana. Mstari wa vyumba haupo, kuna ghorofa la vigae na mlinzi aliyeniuliza natafuta nani. Palipokuwa na karakana wanauza simu. Mto upo, lakini chini pale si mto wa kutia mdomo. Hata lile swali la mto au ziwa, sijui ni nani anayelijua siku hizi. Nilisimama kando ya barabara kidogo, nikaingia kwenye gari.

Kwa hiyo Jumamosi ile, mwanangu akiwa mlimani, nilitoka Gatongora nikaendesha mpaka Theta. Kule nako kumejaa nyumba mpya, mashamba yamekatwa ploti, unauliza njia kwa vinyozi. Nilimkuta kwenye chumba cha mbele, mlango wazi, amekaa dirishani na vaisi yake, miwani imeshuka puani. Mikono imekunjamana lakini inakwenda. Alinitambua kabla sijasalimu.

"Karibu, kairitu," akasema. Nina nywele nyeupe na yeye ananiita msichana mdogo. "Kaa hapo. Usikanyage manyoya."

Akaniletea chai ya maziwa na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, akaniuliza watoto, akaniuliza kazi. Nilijua nisipoanza tutaongea bei ya mbolea mpaka jioni. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpigo mmoja, jino, sindano, mfuko, na kule mtoni, kwamba nzi alikuwa laini na nikasema jogoo. Nilipomaliza chai ilikuwa na utando juu.

"Nilijua," akasema. Hakuacha kufunga. "Siku ile nilipokuja kuchukua mfuko ulikuwa unakunywa uji na nusu inamwagika kidevuni bila wewe kujua. Nikakupangusa. Nikaona pamba yenye damu kwenye sahani. Lakini sikuunganisha. Hata nilipokuwa nafunga, vidole viliniambia hapa kuna kuku jike, nikasema wacha, mdomo wa mtoto haukosei. Nilikuja kuunganisha pale mtoni ulipomweka nzi mdomoni, ukaangalia mama yako kwanza kabla ya kujibu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikisema, ni nani atakayefukuzwa? Mama yako alikuwa na nyinyi wanne na hana mtu. Mimi nilikuwa na mzee wangu na haka kashamba." Akakata uzi kwa meno. "Nilikasirika, nisikudanganye. Mwaka mzima. Lakini ni mama yako niliyemkasirikia, kwamba alinijua miaka yote hiyo na akaamini mkono wangu ni mzito. Wewe sikukuwekea kitu. Ulikuwa mtoto. Mtoto akiogopa hujibu kile mama yake anataka kusikia. Hilo kosa limekwisha, mama, kunywa chai."

Nilitakiwa kushukuru. Nilikuwa nimeendesha gari na kubeba kitu hicho miaka hiyo yote ili mtu anitamkie hayo maneno, na sasa yametamkwa. Nikashika kikombe. Kulikuwa na jogoo anawika nyumba ya pili, na kuku wakichakura chini ya dirisha.

Kisha akauliza, macho bado kwenye ndoana, "Na mama yako, kule mwisho, aliwahi kunitaja?"

Ningeweza kusema alikukumbuka kwa wema. Ndivyo watu husema, na nani angejua. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

"Mara moja," nikamwambia. "Wiki ya mwisho, hospitalini. Tulikuwa sisi wawili tu. Aliniuliza alikukosea nini hata ukamharibia kazi mbele ya watu. Alisema ameitafuta hiyo sababu miaka yote na hajaiona. Akaniuliza kama mimi naijua."

Mikono yake ikasimama. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia alale."

Alivua miwani, akaiweka mezani karibu na vaisi. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo sana. Alinitazama muda mrefu, kama alivyonitazama siku ile.

"Na hapo," akauliza, "ulikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na moja," nikasema.